Midomo yangu imepita "mstari wa urembo". Ning'oe meno manne?

Mkwaju_Mchanga:
Wakuu, habari za humu. Mimi ni dada wa miaka 24, niko Dar. Nimepimwa nikaambiwa midomo yangu imetokeza: wa juu umepita mstari wa urembo kwa milimita 2, wa chini kwa milimita 4. Mpango ni kung'oa magego madogo manne, mawili juu na mawili chini, kisha kufungwa waya miezi 24 ili meno ya mbele yarudi ndani na midomo ilale. Jumatatu ndiyo siku yenyewe na usingizi sipati. Huo mstari ni wa kweli? Wataalamu wanapimaje uzuri wa uso?

Fizi_Imara:
Mstari upo, dada. Ni wa Ricketts, daktari Mmarekani wa kupanga meno. Unachorwa kutoka ncha ya pua hadi mbele ya kidevu, uso ukitazamwa kwa upande. Kwa mtu mzima mzungu, alitaka mdomo wa juu uwe nyuma ya mstari kwa milimita 4 hivi, na wa chini 2. Shika hilo neno *mzungu*. Pua ndefu na kidevu kilichochongoka husukuma mstari mbele. Pua fupi huurudisha nyuma. Ndiyo maana Waafrika wengi wenye meno yaliyofungana vizuri kabisa, midomo yao imeupita. Kuupita tu si kasoro.

Sasa utujibu: ukitulia bila kujikaza, midomo inagusana? Pengo likizidi milimita 4, au kidevu kikitoka vishimo kama ganda la chungwa ukifumba mdomo, hapo kuna la kujadili.

Bi_Mwanaisha:
Mwanangu, Mola amekupa midomo, wewe unaitafutia rula. Mwanya ambao Waswahili tunausifu tangu enzi za mabibi, leo vijana wanakwenda kuuziba kwa sababu ya picha za simu. Jino zima halirudi likishatoka. Omba, tulia, ule vizuri.

Taya_la_Chini:
Mimi ningeanza na kidevu. Watu wanalaumu midomo wakati kidevu ndicho kimerudi nyuma. Upasuaji wake uko hivi: daktari anapasua kwa ndani ya mdomo, anakata mfupa wa kidevu chini ya mizizi ya meno, anausogeza mbele, anaufunga kwa kibati na skrubu. Mstari wa Ricketts nao unasogea, na midomo inaonekana imelala bila jino lolote kuguswa. Hatari yake ni ganzi ya mdomo wa chini, kwa sababu mshipa wa fahamu unatokea jirani na hapo pa kukata. Kwa wengi inaisha baada ya miezi, kwa wachache inabaki.

Mkwaju_Mchanga:
Asanteni. Midomo inagusana, sijikazi. Kidevu hakina shida. Karatasi ya vipimo inasema SNA 82, SNB 80, ANB 2 (eti ni pembe za taya ya juu, taya ya chini na tofauti yao), na kwamba niko mbali na uwiano wa dhahabu. Nimeshalipa nusu na nimeona picha za wateja wa huyo aliyenipima, wametoka vizuri sana. Kwa hiyo sitaki kuambiwa niache, nataka kujua kama miezi 24 inatosha.

Waya_Mbili:
Miezi tuiweke kando kwanza. Picha zilipigwa umbali gani? Simu ikiwa sentimita 30 kutoka usoni, pua inaonekana pana kwa karibu asilimia 30 kuliko ikipigwa mita moja na nusu, na katikati ya uso pote panavimba. Picha ya "kabla" ikipigwa karibu na ya "baada" ikapigwa mbali, umeshapata muujiza bila waya.

Uwiano wa dhahabu, ile namba 1.618 inayodaiwa kuwa siri ya uzuri, usikutishe. Daktari makini anaanza na theluthi za uso: nywele hadi katikati ya nyusi, hapo hadi chini ya pua, hapo hadi chini ya kidevu. Kisha anatazama meno ya juu yanachungulia kiasi gani ukiwa umetulia. Kwa msichana milimita 3 au 4 ni vizuri. Kisha fizi ukicheka. Utafiti wa Kokich na wenzake wa 1999 ulionyesha wapanga meno wanaona kasoro fizi ikionekana milimita 2, watu wa kawaida wanaiona ikifika 4. Mstari wa katikati ya meno ukihama milimita 4, mpanga meno anakasirika, mtu wa mtaani haoni. Lakini meno ya mbele yakiinama upande kwa milimita 2, kila mtu anaona.

Rula_na_Penseli:
Samahani, hii habari ni ya kutunga. SNA 82, SNB 80, ANB 2 ni wastani wa kitabuni, ule wa Steiner, mpanga meno Mmarekani, namba kwa namba. Zikiwa zako kweli, taya zako ziko sawasawa. Halafu S ya kwenye SNA ni kishimo kilicho ndani ya fuvu, panapokaa tezi ya pituitari. Hakionekani bila eksirei ya kichwa ya upande. Mkwaju, ulipiga eksirei lini? Au unamtangazia mtu biashara?

Taya_la_Chini:
Hata mimi nilishtuka. Uzi ufungwe.

Mkwaju_Mchanga:
Situngi, wallahi. Eksirei sikupiga. Nilituma picha mbili za simu WhatsApp, nikarudishiwa karatasi. Aliniambia eksirei ni gharama ya bure.

Na kuna jingine sikulisema. Gego dogo la juu kulia limeshang'olewa, Jumatano iliyopita. Ndiyo maana naona bora nimalize yote manne, nisibaki upande.

Rula_na_Penseli:
Basi nisamehe dada. Karatasi ndiyo ya kutunga, si wewe. Hizo namba amezinakili.

Fizi_Imara:
Pole sana. Usimalize. Pengo moja la milimita 7 hivi linashikika. Kung'oa manne kwenye mdomo unaofumba vizuri kutarudisha midomo ndani mno, na ukizeeka midomo inazidi kukonda. Hatari ya sasa ni meno ya mbele kuhamia kulia na kuinama, lile ambalo kila mtu analiona.

Nenda kwa daktari bingwa wa kupanga meno, Muhimbili wapo. Omba eksirei ya kichwa ya upande, eksirei ya taya zima, na nakala ya meno yako kwa plasta. Mwambie tarehe ya kung'olewa. Aseme kama pengo litunzwe kwa kibati cha kuvaa na kuvua hadi liwekwe jino bandia, au lifungwe kwa waya bila kuvuta mstari wa katikati.

Mkwaju_Mchanga:
Jumatatu siendi. Hicho kibati kinasubiri kidonda kipone?

Waya_Mbili:
Vipimo vinaweza kuchukuliwa hata wiki hii, kidonda hakizuii eksirei. Kibati chenyewe daktari ataamua akishaona fizi. Usicheleweshe miezi: mfupa wa pale unapungua upana zaidi katika miezi sita ya mwanzo, na jino bandia la skrubu linahitaji mfupa. Njoo na namba zako halisi tuzisome pamoja.