IST yangu haitembei masafa marefu: kipi cha kutengenezwa zaidi ya oili?

Mkaazi_Michenzani
Assalaamu alaykum ndugu zangu. Gari ni Toyota IST, injini ya 1NZ, cc 1500, giaboksi otomatiki. Siku za kazi inazunguka Mjini tu, wikiendi inakwenda Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, na kurudi. Kwa mwezi haivuki kilomita 600. Oili hubadilishwa kila kilomita 5,000, yaani kama miezi minane. Mengine fundi husema "bado, hujatembea". Nataka kujua vitu gani watu wa visiwani tunavisahau mpaka vinatutia khasara, na kila kimoja kina muda gani.

Spana_DarajaBovu
Waalaykum salaam. Kwanza acha kuhesabu kilomita, hesabu miezi. Unguja yote urefu wake ni kama kilomita 85, ukingoja kilomita zitimie vitu vinazeeka vikiwa ndani ya gari. Oili badilisha kila miezi 6. Safari ya dakika kumi haiipashi oili moto wa kukausha unyevu uliomo ndani ya injini. Fungua kifuniko cha kutilia oili utazame chini yake: ukiona utando mweupe kama tui, ni maji hayo. Utando ukiondoka baada ya safari moja ya Paje, ni unyevu tu. Ukirudi kila mara na huku maji ya rejeta yanapungua, basi gasketi ya silinda hedi ikaguliwe haraka. 1NZ inachukua lita 3.7 pamoja na filta, kwa hivyo dumu la lita 4 halimalizwi. Tia lita 3 na nusu, washa dakika mbili, zima, subiri oili iteremke, kisha ongeza kidogo kidogo kwa kufuata kijiti cha kupimia oili.

Sasa kinachosahauliwa kuliko vyote: mafuta ya breki. Watu huyaongeza tu yakipungua. Mafuta haya hunyonya maji kutoka hewani, na hewa yetu unaijua ilivyo, nguo tu zinashika ukungu kabatini. Mapya ya DOT 3 (daraja linaloandikwa kwenye chupa) hayachemki mpaka yapite nyuzi 205. Yakishakunywa maji ya kutosha, kiwango kinashuka mpaka karibu na 140. Ukiwa umepakia watu na unakamata breki mfululizo yanachemka, yanatoa mvuke, na mvuke unabanika: pedali inazama mpaka chini. Tena maji hayo hayo yanakula silinda za breki kwa ndani, ndio maana mpira mpya ukitiwa unavuja tena baada ya muda mfupi.

Yabadilishe yote kila miaka 2. Lita moja inatosha. Nyonya yaliyomo kwenye kopo la mafuta ya breki kwa bomba la sindano, jaza mapya, kisha toa hewa kwa kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na kopo. Usukani wetu uko kulia na kopo liko upande huo, kwa hivyo anza nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, umalizie mbele kulia. Kila gurudumu endelea mpaka rangi ya chai iondoke, yatoke safi. Kopo lisikauke hata mara moja, hewa itaingia na kazi inaanza upya. Yakidondokea rangi ya gari mwagia maji papo hapo, maana yanabandua. Na chupa iliyobaki nusu usiiweke ghalani mwaka mzima, nayo inakunywa maji vile vile.

Mpemba_wa_Konde
Maneno ya Spana ni sahihi. Mimi naongeza munyu. Gari ikipita mchangani pwani, au ikilala pahala panapofika upepo wa bahari, ioshwe chini, si juu peke yake: ndani ya madungu ya magurudumu, chesisi, mabomba ya breki, sehemu za kutilia jeki. Lakini tazama unaosha kwa maji gani. Visima vingi vya karibu na pwani maji yake yana munyu, na ukioshea gari hayo ndiyo unazidisha kutu. Yaonje kwanza. Suuza kwa maji ya mfereji au ya mvua.

Chini ya kila mlango kuna vitundu vya kutolea maji. Vikiziba kwa vumbi, maji yanakaa ndani na mlango unaoza kuanzia chini. Vizibue kwa kijiti cha mbao, msumari unakwaruza rangi. Pale chini ya kioo cha mbele, majani ya mwembe na mwarobaini yanajaa yakaziba njia ya maji, halafu masika yanaingia kwenye zulia la abiria. Safisha kila mwezi, khasa kabla ya Machi.

Spana_DarajaBovu
Mpemba kanikumbusha: msikubali gari kupuliziwa oili chafu chini kwa ajili ya kutu. Inavimbisha mipira ya bushi, inakamata vumbi, na ikifika kwenye diski za breki ni khatari. Kutu isuguliwe kwa brashi ya waya, pakaushwe kabisa, ipakwe rangi ya kuzuia kutu, ndipo juu yake itiwe ile lami ya chesisi. Ukipaka lami juu ya kutu mbichi umeifungia unyevu ndani.

Mkaazi_Michenzani
Shukran sana. Na rejeta? Ikipungua natia maji ya mfereji.

Rejeta_na_AC
Kaka, hapo pana mawili. La kwanza, haifai kupungua kila mara. Inapungua kwa sababu inavuja: tazama mfuniko wa rejeta (mpira wake ukikatika haushiki presha), mipira ya maji, na wotapampu, ambayo huacha alama ya waridi au nyeupe pale inapovujia. Fungua mfuniko injini ikiwa baridi tu.

La pili, maji matupu yanatia kutu kwenye vyuma, yanakula aluminiamu, na chokaa yake inaziba njia nyembamba za rejeta. Changanya kulanti (dawa ya kupoozea injini) nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa. Yale ya kuongezea betri yanafaa, lakini soma chupa usije ukachukua asidi. Ikiwa kulanti imeandikwa kuwa tayari imechanganywa, usiongeze maji. Nyekundu ya kawaida ya Toyota ibadilishwe kila miaka 2.

Na ukaguzi mmoja muhimu: thamostati (vali inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate moto) ipo? Wengi huing'oa wakidhani nchi ya joto haiihitaji. Ya 1NZ inaanza kufunguka nyuzi 80 mpaka 84. Bila yake injini inakaa baridi muda mrefu, kompyuta inazidisha petroli, na ule utando wa tui alioutaja Spana haukauki. Gari ya safari fupi kama yako ndiyo inayoumia zaidi.

Dereva_Kusini
Mimi naongeza pini za kalipa (kile kinachobana pedi za breki kwenye diski) na mipira ya magurudumu.

Kila kalipa ya mbele ina pini mbili za kutelezea. Zikikauka, pedi ya ndani inaisha na ya nje bado nene, na rimu ya upande mmoja inakuwa ya moto kuliko mwenzake. Kila mwaka zitoe, zipanguse, paka grisi maalumu ya breki. Grisi ya beringi inavimbisha vifuniko vya mpira na pini inakwama kabisa.

Mipira ya gari huku inazeeka kabla ya kulika. Ubavuni tafuta neno DOT, tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Ikipita miaka 6 ikaguliwe kila mwaka, na yenye nyufa itolewe hata kama kashata zake (meno ya kukanyagia) zimejaa. Upepo pima asubuhi kabla gari haijatembea, kwa kiwango kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Na mpira wa akiba soma namba yake pia, maana mara nyingi ndio ule ule uliokuja nao kutoka Japani.