Nimestaafu udereva wa malori nina miaka 61, presha juu, sukari juu. Nianze kubadilisha nini?

SemiTrela
Wakuu, habari za jioni. Shikamooni wakubwa zangu, na vijana nawaitikia marahaba mapema ili tusipoteze muda.

Nilikuwa dereva wa malori ya masafa. Dar, Tunduma, Nakonde mpaka Lubumbashi, hiyo ndiyo ilikuwa ofisi yangu tangu nikiwa utingo. Mwaka huu bosi kaniita, kwa heshima tu, kasema gari apewe kijana. Sina kinyongo naye. Nipo Morogoro na mama watoto, watoto wenyewe kila mmoja ana kwake.

Sasa nimetulia ndipo mwili umeanza kudai. Nimepima: presha 168 kwa 102, sukari kabla ya kula 11.4. Kilo 104 na mimi si mrefu. Nimepewa dawa, nikaambiwa "mzee badilisha mtindo wa maisha", halafu akaitwa mgonjwa mwingine. Mtindo upi? Miaka yote nimekula saa tano usiku Ruaha Mbuyuni, nyama choma, ugali na soda ya baridi, nikalala kidogo kebini, nikaamka nikawasha gari. Foleni ya mpakani nayo unakaa siku nzima hujapiga hatua zaidi ya kwenda chooni. Hapa nyumbani foleni hakuna lakini nimehama kutoka kwenye kiti cha dereva kwenda kwenye kochi, na kochi lenyewe haliendi popote.

Mengine: goti la kushoto, la klachi, linauma. Usiku naamka kukojoa mara tatu mpaka nne. Nakoroma mpaka mwenzangu kahamia chumba cha watoto. Jioni miguu inavimba. Sigara bado nipo nayo, nusu pakti.

Mama watoto kasoma soma huko mtandaoni, katoa chumvi, sukari, mafuta, nyama, wali na ugali vyote kwa mpigo. Wiki hii nakula mchicha na parachichi. Naomba mnisaidie: kipi cha lazima na kipi ni mbwembwe? Nina nguvu ya kubadilisha mambo mawili matatu, siyo kumi na tano.

Kijiwe Nongwa
Mchicha na parachichi kwa mtu aliyekuwa anashusha mteremko wa Kitonga na mzigo wa shaba! Mzee pole sana. Nakaa hapa kwenye kona nasubiri wataalamu.

Nesi wa Zamu
Shikamoo baba. Nafanya kliniki ya presha na kisukari hospitali ya wilaya, watu wa umri wako ndio wateja wangu wa kila siku. Umeuliza cha lazima, nakujibu: sigara. Mtu mwenye presha na sukari akiongeza sigara juu yake, mishipa ya moyo na ya ubongo inaharibika kwa njia tatu kwa wakati mmoja. Hakuna mchicha utakaofidia hilo.

Halafu nina maswali kabla sijaendelea, maana kuna vitu umeviandika kama vya pembeni na mimi naona ndivyo vyenyewe. Dawa ulizopewa ni zipi, zote, soma kwenye bahasha. Na tangu uanze hiyo mlo ya mchicha umewahi kusikia kutetemeka, jasho la ghafla, moyo kwenda mbio?

Mizizi na Majani
Mzee usihangaike na vidonge, vinaua figo. Nina dawa ya asili inasafisha mishipa yote na kuondoa sukari ndani ya siku 21. Njoo inboksi.

Kijiwe Nongwa
Huyu naye hakosekani. Mishipa siyo karbureta, bwana, haifunguliwi ikasafishwa.

Shangazi Tabora
Mzee usimfuate huyo inboksi. Jirani yangu aliacha vidonge vya presha kwa sababu ya chupa kama hiyo, akapata kiharusi. Mpaka leo anaongea kwa shida.

Mafuta Matupu
Mimi napingana na wote. Mama yupo sahihi ila hajafika mwisho. Ondoa wanga WOTE. Ugali, wali, matunda, maharage, kila kitu. Kula nyama na mafuta, funga saa 18 kwa siku. Sukari yangu ilishuka kabisa.

SemiTrela
Nesi, nimevaa miwani nikasoma. Amlodipini, metformini, na kingine kidogo cha asubuhi kimeandikwa glibenklamidi. Kuhusu kutetemeka, juzi saa tano asubuhi nilitoka jasho mpaka fulana ikalowa, mikono inacheza, nikawa kama mlevi. Nikasema ni njaa ya hiyo mchicha yao. Nilikunywa chai ya sukari kwa kificho, ikaisha.

Nesi wa Zamu
Baba hiyo haikuwa njaa ya kawaida. Hiyo ni sukari kushuka, na chai ya kificho ndiyo iliyokuokoa. Glibenklamidi inalazimisha kongosho kutoa insulini hata kama hujala kitu. Ulipopewa, mhudumu alikupigia hesabu ya mtu anayekula ugali. Nyumbani mkatoa ugali na wali siku moja, dawa ikabaki palepale. Kwa mtu aliyevuka miaka 60 dawa hii ni ya kuangaliwa zaidi, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani kwenye orodha yake ya dawa muhimu linasema haifai umri huo na linapendekeza dawa nyingine ya sukari, gliklazidi, badala yake.

Kesho asubuhi rudi kliniki, usisubiri tarehe ya kadi. Beba dawa zote kwenye mfuko na uwaeleze mlo ulivyobadilika. Ikitokea tena kabla hujafika, kunywa nusu glasi ya soda ya sukari au chai ya sukari papo hapo, kisha kula chakula. Usilale ukisema itapita.

Na wewe Mafuta Matupu, huenda kwako ilifaa, sijui ulikuwa unameza nini. Lakini usimwambie mzee anayemeza glibenklamidi afunge saa 18. Atazimia.

Mafuta Matupu
Sikujua kuhusu hiyo dawa. Hapo nimekuelewa.

Nesi wa Zamu
Sawa. Niendelee na mengine. Miguu kuvimba jioni: amlodipini inajulikana kwa hilo, wagonjwa wengi wanalalamika. Ila moyo na figo navyo vinavimbisha miguu, kwa hiyo usijiamulie, waambie wakupime mkojo na figo. Dawa ya presha haiachwi kwa sababu ya miguu, inabadilishwa.

Kukojoa usiku: sukari ikiwa 11 mwili unaitoa kwa mkojo, kwa hiyo sukari ikitulia huenda na safari zitapungua. Zisipopungua, omba wakuangalie tezi dume. Najua akina baba mnakimbia kile kidole. Kuna na kipimo cha damu, anzia hapo kama aibu ndiyo inayokuzuia, lakini nenda.

Na miguu yenyewe iangalie kila usiku kabla ya kulala, nyayo na katikati ya vidole. Mwenye sukari anaweza kukanyaga msumari asisikie. Usitembee peku hata uani.

Mswahili wa Mariakani
Mzee, salamu kutoka Kenya. Mimi pia ni wa usukani, Mombasa mpaka Kampala. Nataka niongee juu ya huko kukoroma, watu wanakuchukulia mzaha. Mke wangu alikuwa ananiambia nakoroma, halafu nanyamaza kabisa kama nimekata roho, halafu nashtuka navuta pumzi kwa nguvu. Mchana nilikuwa nasinzia hata nikiwa naongea na mtu. Daktari akaniambia pumzi inakatika usingizini, koo linajifunga, na jambo hilo linapandisha presha hata ukimeza dawa. Kwa madereva ni kawaida kwa sababu ya shingo nene na kitambi. Nikaambiwa nipunguze mwili, nisilale chali, pombe ya usiku niache. Iko mashine ya kupuliza hewa puani usiku, ila bei yake si ya mtu wetu. Muulize mama kama na wewe unanyamaza hivyo.

SemiTrela
Nimemuuliza sasa hivi. Kasema "kila usiku, nilidhani unaota". Watu wangu, tumekaa kimya miaka yote hiyo.

Shangazi Tabora
Naomba niongee na mama watoto, maana najua atausoma huu uzi. Dada yangu, nia yako njema, ila usimlishe mume kama sungura. Ugali upo, uwe wa dona au mtama, kiasi cha ngumi yake, siyo ule mlima. Nusu ya sahani iwe mboga, robo ugali au wali, robo nyingine maharage, samaki, kuku au nyama isiyo na mafuta. Tunda ale zima, asikamuliwe juisi. Cha kuondoka kabisa ni soda.

Kuhusu chumvi, wengi tunaangalia kopo la chumvi mezani tu. Magadi unayotia kwenye maharage na mlenda nayo ni sodiamu ileile. Vile vipakti na vidonge vya kuongeza ladha ya mchuzi ni chumvi iliyovaa nguo nzuri. Ng'onda na dagaa wa chumvi ndio usiseme. Kiasi cha mtu mzima kwa siku ni chini ya gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa, na humo ndani hesabu kila kitu. Tumia ndimu, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili. Maharage yaloweke usiku, yataiva bila magadi.

Mwalimu Mstaafu
Ndugu SemiTrela, habari za nyumbani. Nina miaka 70, nilistaafu ualimu nikiwa na 60. Kwa ruhusa ya Nesi nitatofautiana naye kidogo. Mtu aliyenyang'anywa kazi mwaka huu, ukimnyang'anya sigara, nyama na soda wiki hiyohiyo, atabaki na nini? Sisi tuliofanya kazi ya ratiba, kinachotuumiza kwanza ni siku kukosa umbo. Mimi mwaka wa kwanza nilikuwa nasikia kengele ya shule kichwani saa mbili kasoro, sina pa kwenda, narudi kulala.

Nilichofanya ni kujipangia siku kama ratiba ya darasa. Asubuhi kutembea, hali ya hewa yoyote. Kisha bustani. Saa nne chai. Mchana bao na wenzangu, na hapo nasisitiza wenzangu, kwa sababu mzee anayekaa peke yake anakula ovyo, analala ovyo na dawa anasahau. Wewe una utaalamu. Vijana wangapi wanapelekwa Kitonga hawajui kushuka kwa gia? Shule ya udereva yoyote hapo Morogoro ingekusikiliza. Usishike usukani mpaka hilo la kusinzia litazamwe, lakini kufundisha kwa mdomo na ubao unaweza kesho.

Jambo la pesa nitaligusa kwa sentensi moja: kiinua mgongo usikitie kwenye biashara unayoelezwa na mpwa.

Nesi wa Zamu
Mwalimu shikamoo. Kwenye chakula nakubali, aende taratibu. Kwenye sigara sikubali hata kidogo.

Mwalimu Mstaafu
Marahaba. Basi sigara nakuachia.

Bonge wa Kihonda
Mzee upo Morogoro unalalamika? Panda mlimani Morningside kila Jumamosi, utapungua mwenyewe.

Fizio wa Mtaa
Bonge, mtu wa kilo 104 mwenye goti bovu unampandisha Uluguru? Kushuka ndiko kutakakommaliza.

Mzee wangu, goti la klachi nimeshaliona sana. Msaada wake mkubwa ni nguvu za paja. Chukua kiti kigumu, kiegemeze ukutani, kaa, kisha simama bila kushika kitu, kaa tena polepole. Mara kumi, pumzika, rudia. Ukishindwa anza kwa kuweka mto kwenye kiti ili kiwe juu. Fanya angalau siku mbili kwa wiki, ukiweza zaidi fanya. Ukimaliza, shika meza usimame kwa mguu mmoja, badilisha. Hilo la mguu mmoja ni la kukulinda na kuanguka baadaye, nyonga ikivunjika uzeeni ni habari nyingine.

Kutembea: tambarare, viatu vya kufunga, anza dakika 10 asubuhi na 10 jioni. Lengo ni dakika 150 kwa wiki za mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Goti likiuma kidogo wakati wa zoezi si kitu, likivimba kesho yake umezidisha. Ukisikia kifua kinabana, simama na uende hospitali.

SemiTrela
Wakuu nimerudi. Nilienda jana, hospitali kuna dirisha la wazee wa miaka 60 na kuendelea, sikuwa najua kama na mimi ni wa dirisha hilo. Niliingia kwa unyonge kidogo, ila foleni ilikuwa fupi.

Daktari wa zamu hii alikuwa mtulivu. Glibenklamidi kaiondoa, metformini kaongeza. Kapima mkojo na figo, majibu yakiwa mazuri atanibadilishia hiyo ya presha. Kukoroma kaniandikia rufaa. Tezi nimetoa damu, kidole tumekiahirisha, Nesi usinigombeze. Kaniagiza nipime presha nyumbani nikiwa nimekaa na kupumzika dakika 5, mkono mezani, niandike kwenye daftari. Tunatafuta iwe chini ya 140 kwa 90.

Mama watoto kasoma uzi wote mpaka mwisho. Ugali umerudi, wa ngumi. Nyama Jumamosi. Magadi kaitupa mwenyewe. Pakti ya sigara kaificha na hataki mazungumzo. Asubuhi na mchana naweza, tabu ipo baada ya chakula cha usiku, pale zamani nilipokuwa naegemea tairi navuta. Mwenye mbinu ya saa hiyo?

Mwalimu Mstaafu
Ondoka mezani mara moja. Ukimaliza kula, piga mswaki, toka nje, zile dakika 10 za jioni zihamishie hapo.

Mswahili wa Mariakani
Hamu yenyewe haikai, dakika chache inapita. Mimi nilikuwa natafuna karafuu. Na kibiriti usikiweke nyumbani, mama awe na cha jikoni peke yake.