Wakuu, kichwa kinaniuma kila baada ya mechi, nitumie dawa gani?

Beki Kisiki: Wakuu, habari za jioni. Nacheza namba 5, ndondo za hapa Igoma. Nikipiga vichwa vingi, usiku kichwa kinagonga na mwanga wa taa unaniumiza. Panadol haifui dafu. Kuna dawa kali zaidi? Jumamosi nina mechi Nyamagana.

Sangara Mkavu: Kunywa maji mkuu, jua la Mwanza si mchezo.

Mama Sato: Mpira hauna pensheni. Marehemu kaka yangu alikuwa winga hatari, akaishia kubeba magunia ya dagaa mwaloni Kirumba, na wale waliokuwa wanamshangilia wakawa wanampita tu.

Nesi wa Buhongwa: Uligongwa kichwani karibuni? Ulizimia?

Beki Kisiki: Kidogo tu.

Nesi wa Buhongwa: Kidogo ndiyo dakika ngapi?

Beki Kisiki: Wanasema kama mbili. Jumapili, kwenye kona, niligongana na straika wao. Nikamwagiwa maji, nikamaliza mechi. Njiani nilitapika, ila nilikuwa nimekula kiporo. Tajiri wa timu keshanipa kishika uchumba, laki na nusu, nimeshalipia kodi. Naomba dawa, siyo mahubiri.

Nesi wa Buhongwa: Nenda hospitali leo. Ukigongwa tena kabla ubongo haujapona, unaweza kufa. Na hivyo vichwa vya kila wiki vina deni lake: utafiti wa Scotland wa 2019 ulikuta wanasoka wa zamani wa kulipwa wanakufa kwa maradhi ya kuchakaa ubongo mara 3.5 kuliko watu wengine. Baadaye ikaonekana mabeki ndio wanaongoza; kwa makipa tofauti haikuwa wazi.

Mzee wa Kirumba: Sisi tulipiga mpira wa ngozi, ukilowa unakuwa tofali. Mbona tupo?

Nesi wa Buhongwa: Jeff Astle wa Uingereza aliupiga huohuo, mzee wangu. Alikufa 2002 akiwa na miaka 59, uchunguzi wa kifo ukasema ni ugonjwa uliotokana na kazi.

Mpekuzi: Hii chai. Jumapili hiyohiyo, saa tano usiku, jamaa kaandika jukwaa la michezo kwamba yeye ni golikipa, anatafuta glavu za mtumba. Leo beki?

Beki Kisiki: Golini niliacha mwaka juzi, nilivunjika kidole. Glavu? Jumapili? Sikumbuki kuandika kitu.

Sangara Mkavu: Chai imetiwa tangawizi 😂

Nesi wa Buhongwa: Sangara, nyamaza. Beki, uko na nani hapo?

Beki Kisiki: Peke yangu.

Mama Sato: Mwanangu, Igoma sehemu gani? Niko Nyakato, naita boda.