Gawio la Apple 3.29 halafu 0.47?? Data za zamani za hisa mnatoa wapi

Mkulima_Uyole
Wakuu salaam. Nipo Uyole nalima viazi, jioni ndo nakaa na laptop najifunza hisa, sasa natengeneza ekseli ya kuona mtu aliyenunua zamani akatulia angekuwa na sh ngapi leo pamoja na gawio (ile faida kampuni inawagawia wenye hisa), nimeweka CRDB, NMB na Apple ya Marekani. Nimekwama. Faili moja linasema Mei 2014 Apple walitoa gawio dola 3.29 kwa hisa, Agosti mwaka huohuo 0.47. Bei nayo tarehe 28/8/2020 imefunga 499.23, siku ya soko iliyofuata 129.04. Faili lingine hiyo kitu haipo, gawio zote mbili hizo linaandika 0.1175. Walifilisika wakafufuka au? Na za DSE, soko la hisa la Dar, napata bei tu, gawio la nyuma silioni.

DadaMafinga
Hawajafilisika kaka, hisa zilikatwa. Juni 2014 kila hisa 1 ikawa 7, Agosti 2020 kila 1 ikawa 4. Ni gunia umelipima kwa sado, viazi ni vilevile. Piga mwenyewe, 3.29 gawa kwa 7 inakuja 0.47, gawa tena kwa 4 ndo hiyo 0.1175 yako. Faili la kwanza lina namba kama zilivyotangazwa siku ile, la pili zimesharekebishwa, yote mawili yako sawa ila usiyachanganye. Mwenye hisa 10 Mei 2014 alipata dola 32.90, leo hizo hisa ni 280, so ni 10 mara 3.29 au 280 mara 0.1175. Ukichukua 10 ukazidisha na 0.1175 umemdhulumu mtu wa watu.
Yahoo Finance ukiingia kwenye historia ya bei unaweza kuchagua uone gawio tu au migawanyo tu (huko kukatwa hisa). Ila angalia, safu ya Close (bei ya kufunga) imerekebishwa kwa migawanyo, Adj Close imerekebishwa na gawio pia, kwahiyo ukitumia Adj Close usijumlishe tena gawio juu yake utakuwa umehesabu mara 2. Mimi hilo kosa nililifanya miezi mitatu najiona tajiri 😂

Mzee_Kihesa
Za DSE mwanangu fungua ripoti za mwaka za kampuni yenyewe, moja moja, na matangazo ya gawio. CRDB gawio la 2022 ni sh 45, la 2023 sh 50, la 2024 sh 65. Sasa la 2023 limelipwa 2024 baada ya mkutano mkuu, ukiliandika kwenye 2023 umelipa watu kabla ya muda. Weka mwaka wa hesabu, siku daftari la wanahisa linafungwa, na siku ya malipo, kila kimoja safu yake. Na usisahau kodi, kampuni iliyopo sokoni wanakata 5%, ile 65 mkononi inabaki 61.75.
Mimi vikaratasi vyangu vya gawio naweka kwenye kopo la biskuti. Kuna kampuni siitaji, mwaka mmoja hundi ilienda sanduku la posta nililoacha zamani, nisingejua, ni kopo ndo lilinionyesha mwaka umeruka.

Mkulima_Uyole
Ndaga fijo wakuu!! Nimepiga 3.29 gawa kwa 28 imekaa vilevile. Nafuta ekseli yote naanza upya, na kesho nina kupalilia aisee.

DadaMafinga
Shikamoo mzee, hivyo vikaratasi si upige picha utuwekee? Funika jina na namba ya CDS, ile ya akaunti yako ya hisa.

Mzee_Kihesa
Marahaba. Nangoja mjukuu atoke shule, kamera ya hii simu imeingia ukungu.