Naombeni ushauri: nataka kuacha jukwaa nibaki kutunga tu

Mwana_wa_Ziwa:
Jambo wandugu. Mimi binti wa Bukavu, miaka 27, niko Lyon, Ufaransa, tangu nikiwa mdogo. Naimba nyimbo zangu mwenyewe kwa Kifaransa, na gitaa ni lile alilonipa baba nilipofaulu baccalauréat, mtihani wa kumaliza sekondari. Miaka mitatu nimezunguka baa na kumbi ndogo. Tatizo langu ni jukwaa. Siku tatu kabla ya onyesho chakula hakipiti, na nikipanda mikono inalowa jasho mpaka vidole vinateleza kwenye nyuzi.

Françoise Hardy, yule mwimbaji wa Ufaransa, aliacha kuimba jukwaani mwaka 1968 akiwa na miaka 24, na albamu yake ya mwisho ikatoka 2018. Je, na mimi naweza kuishi hivyo? Naomba majibu ya wanaojua. Matusi sitaki.

Ngoja_Waje:
Nimekaa pale na karanga zangu.

ShangaziTanga:
Mwanangu, mimi niliimba taarab ya mtaani Ngamiani miaka hiyo. Siku ya kwanza beti zote zilinitoka kichwani, nikarudia kiitikio mara saba. Watu wakatunza vilevile, wakadhani ndio mtindo mpya. Mpaka leo wapo wanaoniuliza ule wimbo mrefu uliishia wapi. Jikaze. Kwani umeolewa?

Gitaa_Kavu:
Mleta uzi, unamtaja Hardy lakini umeanzia mwisho. Oktoba 28, 1962, usiku wa matokeo ya kura ya maoni ya Rais De Gaulle, Ufaransa ina stesheni moja tu ya televisheni na watu wote wanasubiri hesabu. Katikati ya hesabu wakamweka yeye, binti wa miaka 18, anaimba "Tous les garçons et les filles". Diski ile iliuzwa zaidi ya nakala milioni moja. Alipoacha jukwaa miaka sita baadaye alikuwa anajulikana mpaka Japani.

Jambo la pili: karibu nyimbo zote za albamu yake ya kwanza alitunga mwenyewe, wakati wenzake walikuwa wakipewa nyimbo za Kimarekani zilizotiwa maneno ya Kifaransa. Mtunzi hula hata akiwa amelala. Sasa wewe nyimbo zako ziko wapi?

Kamau_Vinanda:
Wueh! Si uimbe ukiwa umegeuzia watu mgongo. Mkisifiwa mnasema ni sanaa.

Marseille_Kaskazini:
Dada, tuache Hardy kidogo. Unalipwa kama msanii wa muda, wale wa saa 507? Kwa wasiojua: Ufaransa msanii akifikisha saa 507 za kazi ndani ya miezi 12 anapata posho ya bima ya ukosefu wa kazi kwa siku ambazo hana kazi. Onyesho moja lililolipwa rasmi huhesabiwa saa 12. Ukiacha jukwaa, na posho inaondoka. Halafu SACEM, wale wanaokusanya mirabaha ya watunzi, umesajili nyimbo kwa jina la nani?

Mwana_wa_Ziwa:
Asante yaya. Nina maonyesho 38, yamebaki matano. Mawili ya Novemba nimeshayafuta.

Marseille_Kaskazini:
Kumbe unaomba ushauri wa jambo ulilokwisha kulifanya. Na swali la SACEM umeliruka.

Mwana_wa_Ziwa:
Sikuliruka. Mchumba wangu pia ni mwanamuziki. Mwezi wa tatu tulijaza fomu pamoja, yeye nusu na mimi nusu, nyimbo zote 11.

Gitaa_Kavu:
Aliandika nini katika hizo 11?

Mwana_wa_Ziwa:
Si lazima mtu aandike. Alinunua maikrofoni, ananiendesha usiku mpaka Saint-Étienne na kunirudisha. Kila mmoja anaishi kwake, lakini akija hapa ananipikia. Ijumaa kuna kampuni inataka tusaini, na wao wanamtaka yeye aimbe, mimi nibaki kutunga. Ndiyo maana nikauliza habari ya jukwaa.

ShangaziTanga:
Subhanallah. Sasa mambo yametoka hadharani. Mwanangu, mwanamume anayekutakia mapumziko huku kiti chako anakikalia yeye, muogope. Nilikuwa na shemeji mmoja mwenye teksi...

Ngoja_Waje:
Shangazi, malizia ya teksi.

Mzee_wa_Kanda:
Mirabaha ya Ufaransa hudumu miaka 70 baada ya mtunzi kufariki, na mkiwa wawili wanahesabu kuanzia kifo cha wa mwisho. Binti, mnaweza kuachana mwakani, lakini kwenye karatasi mtabaki mmeoana mpaka wajukuu.

Fundi_Saa:
Wakuu, mnanyweshwa chai na mnaomba kikombe cha pili. Gitaa kutoka kwa baba baada ya baccalauréat: Hardy. Hofu ya jukwaa: Hardy. Mpenzi mwanamuziki, kila mtu na nyumba yake: Hardy na Jacques Dutronc, walikaa hivyo miaka kadhaa kabla ya kumpata mtoto mwaka 1973. Huyu kasoma maisha ya marehemu, akamhamishia Bukavu. Bado atuletee unajimu tu, maana Hardy alikuwa nao pia.

Kamau_Vinanda:
Hahaha, mleta uzi nyota yako ni gani?

Gitaa_Kavu:
Nilishaanza kumhurumia kumbe. Ila Hardy hakumpa Dutronc nusu ya mashairi yake.

ShangaziTanga:
Hata kama chai, imeniamsha.

Mwana_wa_Ziwa:
Fundi_Saa, nilimpenda Hardy kwa sababu nilijiona kwake, unataka nikuombe radhi? Gitaa langu lilitoka soko la mitumba, lina ufa chini ya daraja, na baba alikopa pesa ya nyuzi kwa mama mukubwa. Mwezi uliopita nimerudishiwa fomu ya posho kwa sababu tarehe mbili za maonyesho nilizibadilisha. Mtunga hadithi angeleta kitu kitamu kuliko hicho.

Fundi_Saa:
Fomu kurudishwa, hapo sawa. Lakini nina jicho.

Marseille_Kaskazini:
Chai au si chai, nijibu hili moja. Fomu ya SACEM si Msahafu, inaweza kupingwa ukiwa na ushahidi. Na haki ya kuitwa mtunzi wa kazi yako haiuziki Ufaransa, hata ukisaini. Kabla hamjajuana, uliwahi kumwimbia mtu nyimbo hizo? Kumrekodia, kumtumia? Na Ijumaa usisaini chochote, sema unaumwa.

Mwana_wa_Ziwa:
Nilikuwa namtumia dada yangu Bukavu kwa WhatsApp, kila wimbo ukiisha. Mwaka 2021. Lakini sitaki kumpeleka mtu mahakamani, jamani. Ananipenda.

Marseille_Kaskazini:
Hakuna aliyetaja mahakama. Muulize dada kama anazo.

Mzee_wa_Kanda:
Enzi zetu tulizika kanda ndani ya unga.

Mwana_wa_Ziwa:
Amejibu. Zipo tisa, na tarehe zake zinaonekana. Mbili alizifuta apate nafasi ya video za harusi.

Fundi_Saa:
Na hizo mbili ndizo kampuni inazozitaka, sivyo?

Mwana_wa_Ziwa:
Moja.