Mrejesho: riwaya za zamani za wanawake kuhusu wanawake wa kazi

Niliuliza nitapata wapi hapa Mombasa riwaya za zamani, zilizoandikwa na wanawake, kuhusu wanawake wanaojitafutia riziki. Ahsanteni nyote. Aliyenielekeza kwa wauza vitabu vya mitumba Mwembe Tayari, Mungu akuzidishie: nimepata Second-Class Citizen ya Buchi Emecheta (1974). Adah anafanya kazi maktaba kule London, analea watoto, na mume anauchoma mswada wake! Nilikasirika hadi chai ikapoa. Kurasa zina ukungu, lakini zasomeka.

Kongowea sikuambulia kitu. Coming to Birth ya Marjorie Oludhe Macgoye nimeazimwa na jirani, mwalimu mstaafu; kuuza hataki katu. Ya Kiswahili, Shida ya Ndyanao Balisidya, bado naisaka. Mwenye nakala aniandikie, bei tutaelewana.