Tupeane uzoefu, wafugaji wa Lubumbashi: samaki wako alipobadilika rangi, ulifanya nini?

Mama wa Katuba
Jambo yenu wapendwa. Nyuma ya nyumba nina birika la saruji lenye tilapia wa Nile sitini. Si wa kuuza. Watoto wamewazoea na wengine wamewapa majina. Jumatatu asubuhi nimemkuta mkubwa wao, Shefu, amekuwa mweusi kama makala, amejibana kwenye kona. Jirani ananisukuma nimwage antibiotiki birikani, lakini moyo unasita. Semeni mlichokiona kwa macho yenu, hata kama mlipoteza samaki.

Kijana wa Rwashi
Mimi niliogopa bure. Vifaranga nilivyonunua vilikuwa vinang'aa kama bati jipya. Nikavitia kwenye pipa jeusi la plastiki, jioni vyote vimekuwa giza. Mzee mmoja aliyefanya kazi zamani kwenye mabwawa ya samaki ya Kipopo akaniambia: weka vitatu kwenye beseni jeupe, kisha uvitazame kesho. Kesho yake vilikuwa vimepauka. Ngozi ya samaki ina chembe zenye rangi nyeusi. Chini pakiwa giza ile rangi hutanda, pakiwa peupe hujikusanya. Ndivyo anavyojificha ndege wasimwone. Je, yaya, wamebadilika wote au ni yeye tu?

Mama wa Katuba
Yeye peke yake.

Baba wa Kisanga
Kwangu rangi iliyonimaliza ni nyeupe. Mwezi wa saba, baridi ile mnayoijua, nilivuta wavu asubuhi ili nitenganishe wakubwa na wadogo. Tulikuwa watu wanne, mikono mikavu, samaki wanarukaruka kwenye majani. Siku ya tatu nikaona nyuzi kama pamba kwenye mikia na pale magamba yalipobanduka. Ni kuvu. Iko majini siku zote, inangoja jeraha, na baridi humwondolea samaki nguvu ya kujikinga. Nilihesabu arobaini na mmoja waliokufa. Hadi leo nikipita pale bwawani nawakumbuka.

Munganga wa wanyama alinionyesha namna ya kuwaogesha kwa chumvi: gramu 200 kwenye ndoo ya lita 20, wachache kwa zamu, dakika kumi, isizidi nusu saa, nawe umesimama hapo hapo. Akilala ubavu, mtoe. Wenye pamba kidogo walipona. Wale iliyowafika kwenye mashavu ya kupumulia, hapana. Kosa langu lingine lilikuwa pumba: niliendelea kumwaga wakati maji yameshuka chini ya digrii 16. Hapo tilapia anaacha kula, pumba inaoza, maji yanaharibika. Sasa Juni na Julai siwagusi kabisa.

Mama Mapacha, mtaa wa Kenya
Nilifungulia maji ya bomba moja kwa moja kwenye tangi. Klorini iliwaunguza, ngozi ikapata utando kama maziwa, wakawa wanahema juu juu. Sasa nayaacha siku nzima kwenye pipa lililo wazi.

Mkulima wa bondeni
Utando huohuo niliuona bwawani baada ya maji ya mto kubadilika rangi. Samaki akiguswa na asidi au shaba hutoa ute mwingi kujikinga, kisha ute unaziba mashavu yake. Wote walikufa kwa siku moja. Majirani walitaka kuwaokota wapike, nikawakatalia, tukawafukia. Ukiona hivyo funga mfereji kwanza, maswali baadaye.

Mwanafunzi, Kasapa
Mama, mwangalie Shefu jichoni. Tilapia dume wa Nile akishindwa vita, jicho na mwili huwa giza. Anayetawala ana jicho jeupe. Angalia pia mapezi kama yametafunwa. Antibiotiki haiamui ugomvi, tena inaua bakteria wanaosafisha maji yako.

Mama wa Katuba
Nimerudi. Jicho ni jeusi tii, pezi la mkia limechanika sehemu mbili. Na kuna dume mwingine, jana sikumtilia maanani, amechimba shimo kwenye mchanga katikati na anafukuza kila anayekaribia. Jike mmoja amevimba mdomo, hali kitu, bila shaka ana mayai mdomoni. Nimemhamishia Shefu kwenye beseni kubwa la bluu na maji ya birika lilelile. Saa kumi jioni mgongo umeanza kurudi kijivu, na amekula punje tatu mkononi mwa mtoto wangu mdogo. Baba wa Kisanga, ule mkia uliochanika niutie chumvi leo, au ningoje nione pamba?